Fizikia ya sauti kwa wanaosoma altrasaundi: hii 1540 imetoka wapi?

mwanafunzi_tudor

Assalaam aleikum wanajukwaa. Nasomea altrasaundi hapa Mombasa, mwaka wa kwanza. Anatomia naiweza, ila fizikia inanitoa jasho. Tumemiminiwa frikwensi (mitikisiko kwa sekunde), urefu wa wimbi, impidansi, desibeli, na namba moja tunayotakiwa kuitaja hata tukiamshwa usiku wa manane: 1540, kasi ya sauti mwilini kwa mita kwa sekunde.

Nina maswali matatu. La kwanza, nikihama kutoka megahezi 3.5 (yaani mitikisiko milioni 3.5 kwa sekunde) kwenda 7, sauti inakwenda mbio zaidi mwilini? Mwenzangu anashikilia kuwa ndiyo. La pili, kwa nini 1540 na si namba nyingine? La tatu, kwa nini bila jeli hakuna picha, hata probu (kile kichwa cha mashine kinachogusa ngozi) ikikandamizwa vipi?

Mtihani unabisha hodi. Nisaidieni jamani.

dullah_mwembetayari

Jeli ni ya kuteleza tu. Swali limekwisha 😂

probu_mkongwe

Aleikum salaam mwanangu. Dullah, wewe chumbani kwangu usiingie. Jeli tutaifikia.

Kabla ya namba, shika jambo moja na mengine yatajipanga nyuma yake. Mashine ya altrasaundi haioni ini, haioni mtoto, haioni kijiwe. Hata umbali haipimi. Inapima muda, basi. Inapiga mlio mfupi sana, inanyamaza, inasikiliza mwangwi, inaangalia umechukua muda gani kurudi, kisha inafanya hesabu ya shule ya msingi: kasi mara muda, gawanya kwa mbili. Kwa mbili kwa sababu sauti imekwenda na imerudi. Kila nukta unayoiona kwenye skrini ni jibu la hesabu hiyo, na weupe wake unaonyesha mwangwi ulirudi na nguvu kiasi gani.

Kwa hesabu hiyo mashine inahitaji kujua kasi, na haina njia ya kuipima ndani ya mgonjwa wako. Kwa hiyo imefundishwa kiwandani: mwili wowote utakaowekewa, chukulia mita 1540 kwa sekunde. Mafuta, ini, misuli, damu, vyote kwake ni 1540. Ukweli ni kwamba mafuta ni kama 1450, ini kama 1550, damu kama 1570, misuli kama 1580. Mfupa mgumu unaweza kufika 4000. Hewa ni 330 na kidogo juu yake. Kwa hiyo 1540 ni wastani wa tishu laini, na mashine inauamini wastani huo kwa moyo wote.

Sasa swali lako la kwanza. Mwenzako mwambie hapana. Kasi inaamuliwa na kitu ambacho sauti inapita ndani yake. Wewe ukibadilisha frikwensi, kinachobadilika ni urefu wa wimbi. Kasi = frikwensi × urefu wa wimbi. Kwa megahezi 3.5, gawanya 1540 kwa 3,500,000, unapata milimita 0.44. Kwa megahezi 7 unapata 0.22. Frikwensi imepanda mara mbili, wimbi limefupika nusu, kasi iko palepale.

Na huo ufupi ndio tunaoutafuta. Mlio ukiwa mfupi, vitu viwili vilivyo karibu karibu, kimoja nyuma ya kingine, unaweza kuvitenganisha. Kanuni ni hii: umbali mdogo kabisa unaoweza kutenganishwa kwenye mwelekeo wa mlio ni nusu ya urefu wa mlio wenyewe. Mlio wa mizunguko miwili kwa megahezi 7 una urefu wa milimita 0.44, kwa hiyo unatenganisha mpaka milimita 0.22. Kwa 3.5 unaishia 0.44.

nesi_likoni

Kumradhi, niingilie kidogo. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya wajawazito, si mtu wa mashine. Kina mama wananiuliza kila siku kama hii ni mionzi ile ya eksirei. Nawaambia si mionzi, lakini nikiulizwa "sasa ni nini?" nabaki kusema "ni sauti" na wao wanasema "mbona haisikiki?"

mwalimu_bamburi

Bi nesi, jibu lako ni sahihi kabisa. Mimi nafundisha fizikia sekondari, nitajaribu kulinyoosha.

Sauti ni msukumo unaopita ndani ya kitu. Fikiria watu waliosongamana kwenye feri ya Likoni saa kumi na moja jioni. Aliye nyuma akisukuma, aliye mbele yake anasukumwa na kurudi mahali pake, naye amemsukuma wa mbele yake, mpaka msukumo unamfikia aliye langoni. Hakuna mtu aliyehama kutoka nyuma hadi mbele. Kilichosafiri ni msukumo. Ndani ya mwili chembe za tishu hufanya hivyohivyo: zinabanana, zinaachana, zinabanana, zinaachana, na zinatikisika kwenye mstari uleule ambao wimbi linasafiria. Kwa sababu hiyo sauti haiwezi kupita pasipo na kitu. Mwanga na eksirei vinapita penye utupu, sauti haipiti.

Kuhusu kutosikika: sikio la binadamu linasikia kuanzia mitikisiko 20 hadi 20,000 kwa sekunde, na kadiri umri unavyosonga kile kikomo cha juu kinashuka. Probu ya tumbo inatikisa kati ya milioni 2 na milioni 5 kwa sekunde. Probu za vitu vya karibu na ngozi, kama tezi ya shingo au titi, zinafika milioni 15 na zaidi. Sikio halina habari nazo. Pomboo wa kule Kisite wanapiga milio inayozidi mitikisiko 100,000 kwa sekunde na sisi juu ya mashua hatusikii isipokuwa ile miluzi yao ya chini.

probu_mkongwe

Na niongeze kwa ajili ya hao kina mama. Sauti haina nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomi, ndiyo maana haiwekwi kundi moja na eksirei. Lakini haina maana kwamba haifanyi lolote. Inapashia tishu joto, na ikiwa kali inaweza kuchezesha vipovu vya gesi. Ndiyo maana pembeni ya skrini kuna namba mbili, TI ya joto na MI ya msukumo. Mwanafunzi anayefungulia Dopla (ile hali ya kupima mwendo wa damu) kwenye mimba changa kwa sababu tu mama anataka kusikia moyo unavyodunda, huyo hajaelewa TI ni ya nini. Piga unachokihitaji, kwa muda unaouhitaji, kisha nyanyua probu.

mwanafunzi_tudor

Shukran sana. Lakini mwalimu, bado nina kitendawili. Mfupa ni mzito kuliko tishu na sauti inakwenda mbio ndani yake. Hewa ni nyepesi na sauti inajikokota. Kwa hiyo kitu kikiwa na densiti (uzito kwa ujazo) kubwa sauti inakimbia zaidi, sivyo?

dullah_mwembetayari

Hapo sasa hata mimi naona ndivyo.

mwalimu_bamburi

Sivyo, na hili swali linawaangusha wengi mno. Chukua zebaki. Densiti yake ni zaidi ya mara 13 ya maji. Kama densiti ndiyo inayokimbiza sauti, zebaki ingeishinda maji mbali. Lakini sauti ndani ya zebaki inakwenda kama mita 1450 kwa sekunde, na ndani ya maji ya nyuzi 20 ni kama 1480. Maji yanashinda.

Kinachokimbiza sauti ni ugumu wa kitu kubanwa. Kitu kikaidi, kinachokataa kubanwa, kinarudi mahali pake haraka na kuupitisha msukumo haraka. Densiti yenyewe inapunguza kasi, kwa sababu chembe nzito ni vigumu kuziharakisha. Hesabu yake: gawanya ugumu wa kubanwa kwa densiti, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Mfupa una densiti kubwa kiasi kuliko tishu, si hata mara mbili, lakini ukaidi wake wa kubanwa umeizidi tishu kwa mbali sana, na ukaidi ndio unaoshinda. Hewa inabanika ovyo, ndiyo maana sauti inajikokota ndani yake.

Ukikutana na swali la kuchagua jibu lenye "densiti kubwa husababisha kasi kubwa", lipite.

ami_wa_kibokoni

Vijana, mimi hamnijui. Nimekuwa baharini umri wangu wote, sasa nimestaafu, mjukuu wangu ndiye anayenisomea majukwaa haya. Hicho mnachokizungumza ndicho kile chombo tunachofunga chini ya boti kupimia kina na kusakia samaki. Nacho kinapiga na kusikiliza. Changu kilikuwa na chaguo mbili, 50 na 200. Penye kina kirefu nje ya mwamba tunaweka 50. Karibu na ufuo tunaweka 200, samaki wanaonekana mmoja mmoja. Sikujua kwamba hospitalini ni mambo yaleyale.

probu_mkongwe

Ami, shikamoo. Ni mambo yaleyale kabisa. Hizo 50 na 200 zako ni kilohezi, yaani mitikisiko elfu 50 na elfu 200 kwa sekunde. Yetu ni milioni kwa sababu hatuhitaji kufika mita mia, tunahitaji kufika sentimita 15 au 20.

mwalimu_bamburi

Ami amenipa raha, kwa sababu swali la pili la mwanafunzi limejibiwa kwenye bahari yetu wenyewe.

Kasi ya sauti majini inategemea joto na chumvi, na kina pia, lakini karibu na uso wa maji hicho tukiache. Maji ya bahari yenye gramu 35 za chumvi kwa kilo, wakati wa kaskazi ambapo joto lake huku pwani ni kama nyuzi 28, yanapitisha sauti kwa mita 1540 kwa sekunde, inazidi kwa mita moja hivi. Si utani. Fanyeni hesabu. Wakati wa kusi maji yakipoa hadi nyuzi 25 inashuka kwenye 1534.

Na si ajabu. Tishu laini sehemu kubwa ni maji yenye chumvi na protini, kwenye nyuzi 37. Maji matupu ya nyuzi 37, bila chochote ndani, tayari ni kama 1524. Ongeza protini na chumvi, unapanda hadi 1550 na zaidi kwenye ini na misuli. Changanya na mafuta, yanayovuta chini, wastani unatua karibu na 1540.

Kwa hiyo mwanafunzi, chombo cha ami kikiwa juu ya maji ya mita 15.4, mwangwi unarudi baada ya sekunde 0.02. Probu yako ikiwa juu ya kitu kilicho sentimita 15.4 ndani, mwangwi unarudi baada ya sekunde 0.0002, yaani mikrosekunde 200. Kwa kila sentimita moja ya kina, kwenda na kurudi ni mikrosekunde 13. Hiyo 13 nayo waipenda watunga mitihani.

ami_wa_kibokoni

Marahaba mwanangu. Subhanallah, bahari na mwili.

mwanafunzi_tudor

Hii ya bahari sitaisahau. Lakini sasa kama mafuta ni 1450 na mashine inaamini 1540, si inakosea vipimo?

probu_mkongwe

Inakosea, kila siku, na wewe ndiye unayepaswa kujua kwa kiasi gani. Chukua mgonjwa mwenye sentimita 3 za mafuta chini ya ngozi. Sauti inakwenda na kurudi kwa mikrosekunde 41.4. Mashine inazidisha kwa 1540, inagawanya kwa mbili, inachora sentimita 3.2. Milimita mbili zimezuka kutoka hewani, na kila kilicho chini ya mafuta hayo kimesukumwa chini kwa milimita hizohizo mbili. Kwa kawaida haidhuru. Ukiwa unaongoza sindano, inadhuru.

Mfano mwingine wa darasani. Wanafunzi wanapenda kujifunza kwa glavu iliyojazwa maji ya bomba au beseni. Maji ya nyuzi 20 ni 1480. Ukipima kitu kilicho sentimita 10 chini, mashine itakuambia 10.4. Usikimbilie kusema mashine imeharibika.

Na ukishika wazo hili, zile kasoro za picha ambazo mnazikariri kwa orodha hutazikariri tena. Kila moja ni mahali ambapo mwili umekataa kufuata imani ya mashine. Mashine inaamini kasi ni moja: mafuta yakikataa, vitu vinahama. Inaamini sauti imekwenda na kurudi kwa mstari ulionyooka: kiwambo (ule msuli unaotenga kifua na tumbo) kikiigeuza njia, unaona sehemu ya ini ikiwa juu ya kiwambo, mahali pa pafu. Inaamini kila mwangwi umerudi mara moja tu: sauti ikidunda huku na huku kati ya nyuso mbili, unapata mistari iliyopangana kwa umbali sawa. Inaamini pia kwamba sauti inafifia kwa kiwango kilekile kila mahali, na hapo ndipo penye utamu.

mwalimu_bamburi

Kufifia niachie mimi, mkongwe. Tishu laini hupunguza nguvu ya sauti kwa wastani wa desibeli 0.5 kwa kila sentimita kwa kila megahezi. Desibeli si kizio cha kuogopa: 3 ni nusu ya nguvu, 10 ni sehemu moja ya kumi, 20 ni sehemu moja ya mia, 30 ya elfu.

Turudi kwa 3.5 na 7 za mwanafunzi. Kitu kiko sentimita 10 ndani. Kwa megahezi 3.5: 0.5 × 3.5 × 10 ni desibeli 17.5 kwenda, na 17.5 kurudi, jumla 35. Nguvu iliyorudi ni kama sehemu moja ya elfu tatu. Kwa megahezi 7 jumla ni desibeli 70. Hiyo ni sehemu moja ya milioni kumi. Na hapo sijatoa hesabu ya kwamba mpaka wenyewe unarudisha kidogo tu kati ya kilichoufikia.

Frikwensi imepanda mara mbili, lakini mwangwi haukupungua nusu, umekuwa dhaifu zaidi ya mara elfu tatu. Ndiyo sababu hakuna probu moja ya kila kitu. Ami alikuwa analipa bei hiyohiyo kati ya 50 na 200.

probu_mkongwe

Sasa ule utamu. Kwa kuwa mwangwi wa mbali ni dhaifu, mashine inaukuza kuliko wa karibu. Vile vitelezi vilivyopangwa pembeni mwa ubao, TGC, ni vya kazi hiyo. Mashine inakuza ikiamini kila sentimita imekula kiasi chake. Lakini mkojo ndani ya kibofu hauli karibu chochote. Sauti inatoka upande wa pili bado ina nguvu, mashine inaikuza vilevile kana kwamba imechoka, na nyuma ya kibofu kunang'aa. Ndivyo unavyotambua kwamba ulichokiona kwenye figo ni uvimbe wa maji: ndani ni kweusi, nyuma kunang'aa. Kijiwe cha nyongo ni kinyume chake. Kinarudisha na kumeza karibu sauti yote, nyuma yake hakuna kilichobaki cha kukuza, kunakuwa na kivuli cheusi. Huhitaji kukariri kipi kinang'aa na kipi kina kivuli. Jiulize tu sauti imebaki kiasi gani.

dullah_mwembetayari

Na jeli yangu?

mwalimu_bamburi

Haya Dullah, jeli yako.

Mwangwi unazaliwa kwenye mpaka wa vitu viwili vyenye impidansi tofauti. Impidansi ni densiti mara kasi. Ukichukua kizio cha megareili, mafuta ni 1.38, ini 1.65, mfupa kama 7.8, hewa 0.0004. Sehemu ya nguvu inayorudi, sauti ikiupiga mpaka wima, ni tofauti ya impidansi mbili gawanya kwa jumla yake, kisha jibu lizidishe kwa lenyewe.

Mafuta na ini: asilimia 0.8 tu inarudi, zaidi ya 99 inasonga mbele. Vizuri sana, ndiyo maana tunaweza kuona vilivyo nyuma. Ini na mfupa: asilimia 42 inarudi. Ini na hewa: asilimia 99.9. Hewa ikiwepo, hata tabaka jembamba kabisa kati ya probu na ngozi, sauti inarudi mlangoni. Ngozi ina mikunjo na vinyweleo, na kila mkunjo umeshika hewa. Ukikandamiza unapunguza, humalizi. Jeli inaingia kwenye mikunjo na kuitoa hewa.

Gesi ya utumbo ni kesi hiyohiyo. Kongosho ukiikosa, mara nyingi mkosaji ni gesi iliyo mbele yake. Na mama anapoambiwa anywe maji asiende haja, kibofu kikijaa kinausukuma utumbo wenye gesi pembeni na kuwa dirisha la kutazamia mji wa mimba.

dullah_mwembetayari

Nimekubali yaishe. Jeli ikiisha je, mafuta ya nazi?

probu_mkongwe

La hasha. Mafuta na losheni zinaweza kuula uso wa probu, na probu haiuzwi sokoni Kongowea. Ikibidi tumia maji safi, yanatoa hewa vizuri, shida yake yanakauka na kutiririka haraka.

Kwa kuwa tumeigusa probu: ndani yake kuna safu ya elementi za kauri iitwayo PZT. Ukizipa umeme zinatikisika, zikitikiswa zinatoa umeme. Ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, ndio walioonyesha mwaka 1880 kwamba fuwele zikibanwa hutoa umeme. Unene wa elementi ndio unaoamua frikwensi, unene ukiwa nusu ya wimbi ndani ya kauri. Sauti ndani ya PZT ni kama mita 4000 kwa sekunde, kwa hiyo kwa megahezi 5 elementi ina unene wa milimita 0.4. Kitu chembamba hivyo ukikiangusha sakafuni usishangae kuona mstari mweusi unaoanzia juu ya picha kwenda chini. Ukishuku elementi imekufa, paka jeli kidogo, pitisha ukingo wa klipu ya karatasi polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Penye elementi hai, mwangwi wa klipu unaonekana. Penye mfu, unakatika.

Elementi hizohizo zinapiga na kusikiliza. Muda wa kupiga ni chini ya asilimia moja. Uliobaki wote ni kusikiliza. Na haziwezi kupiga tena mpaka mwangwi wa mbali kabisa urudi. Sentimita 15.4 ni mikrosekunde 200 kwa mstari mmoja, kwa hiyo milio haizidi 5,000 kwa sekunde. Picha ya mistari 125 inachukua sekunde 0.025. Hizo ni picha 40 kwa sekunde na si zaidi, kwa mashine inayopiga mstari mmoja mmoja. Moyo wa mtoto ukionekana unarukaruka skrini, punguza kina kwanza.

mwanafunzi_tudor

Nimepiga kopi uzi wote. La mwisho, naapa. Dopla. Ile "fyuu, fyuu" inayotoka kwenye spika ni sauti ya damu yenyewe?

probu_mkongwe

Hapana. Tunapiga megahezi 5, na mwangwi kutoka kwa chembe za damu zinazokuja kwetu unarudi ukiwa na frikwensi iliyozidi kidogo. Mashine inatoa tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayopelekwa kwenye spika. Tofauti = 2 × frikwensi × kasi ya damu × kosaini ya pembe, gawanya kwa 1540. Damu ikienda nusu mita kwa sekunde na pembe ikiwa nyuzi 60, unapata hezi 1,623. Imeangukia katikati ya masikio yetu. Ni bahati ya namba tu.

Pembe ikiwa 90, kosaini ni sifuri, husikii kitu hata mshipa uwe unapiga kwa nguvu zote. Kaa nyuzi 60 au chini. Ukivuka 60, kosa dogo la pembe linageuka kosa kubwa la kasi.

Haya, zamu yako. Mashine inaweza kupima tofauti isiyozidi nusu ya idadi ya milio kwa sekunde. Mshipa uko sentimita 7.7 ndani, megahezi 5, pembe 60. Damu ya kasi gani itaanza kukudanganya, uione imegeuka na kwenda upande mwingine?

mwanafunzi_tudor

Sentimita 7.7 ni mikrosekunde 100, kwa hiyo milio 10,000 kwa sekunde. Nusu yake 5,000. 5,000 × 1540 gawanya kwa 2 × 5,000,000 × 0.5. Napata mita 1.54 kwa sekunde?

probu_mkongwe

Ndiyo hiyo. Na mshipa ukiwa mara mbili ya kina hicho?

mwanafunzi_tudor

0.77. Kwa hiyo nashusha frikwensi ya Dopla hadi 2.5 narudi kwenye 1.54.

mwalimu_bamburi

Mkongwe, huyu mtihani atapita.